Mtani Akisema Wigo Una Pengo

Kijijini kwetu mimi sina namna ya kusema jambo likachukuliwa kwamba ni jambo. Nikisema wali umeungua, watu wanacheka. Nikisema nyumba inaungua, watacheka kwanza ndipo watafute ndoo. Si kwamba mimi ni mwongo. Baba yangu aliteremka kutoka kwenye vilima vya Umatumbini akaja kulima mpunga huku bondeni, katikati ya Wandengereko, na hapa petu Mmatumbi na Mndengereko ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuingia kwako akakamata kuku akaondoka naye, nawe ukamsindikiza hadi njiani. Kitu kimoja tu hana: hawezi kukasirika watu wakaamini kwamba amekasirika.

Nami hasira ninazo. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Lakini hasira zangu zikifika mdomoni zinatoka na chumvi na ndimu, watu wanazila kama embe bichi.

Hata kwenye halmashauri ya kijiji niliingia kwa kicheko. Siku ya uchaguzi nilisimama mbele ya watu nikasema nagombea ujumbe kwa sababu wanaume wa humu wanakoroma vikaoni kwa zamu, na mimi nataka angalau mmoja awe macho wa kuwapangia zamu hizo. Watu walishika mbavu. Kura zangu zilipita za wote. Mwenyekiti wetu, Mndengereko wa kuzaliwa hapa hapa, alikuja kunipa mkono akisema, "Haya mtani, sasa kikao kitakuwa na pilipili." Nilifikiri ananikaribisha kazini. Alikuwa ananikaribisha kwenye burudani.

Si mtu mbaya, mwenyekiti. Nalisema hili kwa sababu ningependa angekuwa mbaya, ingenirahisishia. Ni mpole, ana sauti laini ya kuombea dua, hajawahi kula haki ya yatima, na akipita njiani anawasalimia hata watoto. Ugonjwa wake ni mmoja: anataka kila mtu aondoke mbele yake akiwa anatabasamu.

Sasa niseme habari ya wigo. Kijiji chetu kiko kwenye mkono mmoja wa Rufiji, ukishavuka Mbuchi, mahali ambapo maji ya mto na ya bahari yanagombana kutwa. Pampu tuliyochimbiwa inatoa maji ya chumvi, hayafai hata kupikia uji. Kwa hiyo tunateka mtoni, pale dikoni tunapoteremkia majini, maji yakipwa, maana yakipwa ndipo yanapokuwa matamu. Na mtoni kuna mamba. Ndiyo maana tangu enzi za mababu diko letu lina wigo: nguzo ndefu zimekitwa kwenye tope karibu karibu, zimefungwa fito, zimezunguka kama nusu ya bakuli. Mwanamke anaingia ndani ya wigo maji yakamfika magotini, anateka, anafua, mamba yuko nje anatazama.

Mafuriko ya juzi juzi haya yalipokuja na magogo, yalivunja upande mmoja wa wigo. Pengo lilikuwa na upana wa mlango. Mamba hahitaji zaidi ya hapo.

Nililisema kwenye kikao cha kwanza baada ya maji kupungua. Nilisimama nikasema, "Mwenyekiti, wigo una pengo. Mamba anaingia na kutoka. Juzi nimemwona kwa macho yangu kajilaza upande wetu, ndani."

Mwenyekiti akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea zawadi. "Mtani," akasema, "huyo si mamba. Huyo mchumba, kaja kukuposa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Na mimi, kabla sijajua ninalosema, nikajibu, "Basi anipose, maana ana meno kuliko wewe." Wajumbe walipiga meza. Mtendaji wa kijiji, kijana wa kuletwa kutoka nje, alifuta machozi kwa tai yake. Kilipotulia kicheko tulikuwa tumeshafika kwenye ajenda ya madawati.

Ndivyo inavyokuwa. Ukitaniwa na mtani wako lazima ujibu. Ukinyamaza umemtukana kweli. Na ukijibu, umekubali kwamba ulikuwa mchezo. Nilikwenda nyumbani nikamwaga sufuria la mchicha uani kwa ghadhabu, kuku wakafaidi.

Nilijaribu njia nyingine. Nilipiga picha pengo lile kwa simu, nikaituma kwenye kundi la wasapu la kijiji ambamo yumo mpaka diwani wetu. Niliandika maneno matupu bila mzaha: hapa mtu ataliwa. Nikapata vikatuni vya kucheka, safu kwa safu, vile vyenye machozi mashavuni. Mtu mmoja akaandika, "Mtani kwa stori!" Mke wa mwenyekiti alituma sauti, na ndani ya sauti hakuna neno hata moja, ni kicheko chake tu kinapanda na kushuka.

Huyo mke wa mwenyekiti nilimpenda. Alikuwa na kicheko cha kuanguka: kikimshika anatafuta ukuta, akiukosa anakaa chini popote, hata kwenye vumbi. Kwao walikuwa na tangi kubwa la plastiki la kukingia mvua, hivyo yeye dikoni hakuwa akifika. Lakini tangi lile alilifanya la mtaa. Vikongwe na wajawazito walikwenda kuteka kwake, hakuna aliyenyimwa. Akiniona napita ananiita, "Mtani, njoo ule, nikusikie." Nilikuwa nikila wali wake wa nazi na kumtukana mumewe, naye anakaa chini.

Kusema haki, halmashauri ilifanya kazi yake. Kukata miti ya mikoko kunataka kibali cha misitu, na kibali kinataka subira. Tukakiomba, tukakifuatilia mpaka Kibiti mjini, mtendaji akaenda na kurudi kwa bodaboda akiwa mwekundu wa vumbi mpaka kope. Hatimaye kikatoka. Vijana wakaingia mikokoni wakakata boriti za mkandaa, nyofu, nzito, wakazileta kwa mtumbwi na kuzilaza kando ya ofisi. Siku ile nilizizunguka nikizigusa moja moja. Nilijisikia mjumbe. Nilimwambia mke wa mwenyekiti kwamba sasa mchumba wangu atabaki kapera, akakaa chini.

Ndipo ikaja simu kutoka wilayani. Kulikuwa na mgeni rasmi katika ziara, na alikuwa anatafuta mradi wa wananchi wa kuzindua. Mwenyekiti kwa furaha akautaja wigo wetu.

Mgeni rasmi hawezi kusimama juani. Panatakiwa jukwaa, jukwaa linataka nguzo, na nguzo zilizokuwepo kijiji kizima ni zile zilizolala kando ya ofisi. Kikao cha dharura kikakaa. Mtendaji akasema zitatumika kwa muda tu, mgeni akiondoka zitang'olewa ziende mtoni. Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali, wakoromaji kwa waliokuwa macho.

Nilisimama. Nikasema, "Mnataka kumjengea mgeni kivuli kwa nguzo za wigo, ili aje kuuzindua wigo usio na nguzo? Nyinyi mna akili?"

Mtendaji aliacha kuandika, nikadhani nimesikika. Kisha mwenyekiti akasema taratibu, "Mmatumbi kasikia nguzo zitasimama wima, kazoea za kwao zinazoegemea mlima." Wakacheka mpaka mtendaji akaomba utulivu. Mjumbe mmoja mzee alinipigapiga mgongoni akaniambia, "Mwanangu, wewe usipokuwepo vikao hivi havikaliki."

Siku ya uzinduzi ilikuwa nzuri, siwezi kuikataa. Jukwaa lilisimama imara, limeezekwa makuti mabichi na kufungwa vitambaa. Nguzo tatu tu ndizo zilizopelekwa mtoni. Zilipakwa chokaa nyeupe, zikakitwa upande wa njia, pale ambapo wigo ulikuwa mzima, kwa sababu ndipo mgeni angefika bila kuchafua viatu. Utepe ukafungwa hapo. Pengo lilikuwa upande wa pili, nyuma ya fito kuukuu, na maji yalikuwa yamejaa hata halikuonekana.

Wanawake walipika kwa mwenyekiti. Pilau kwa ajili ya msafara, kwa ngoma, kwa walinzi, kwa madereva. Maji yote ya kuoshea mchele, ya kupikia, ya kunawia wageni, yalitoka kwenye lile tangi. Mkewe alikuwa anazunguka na ndoo mbili, kanga imemlowa, anacheka. Jioni aligonga ubavu wa tangi, likalia tupu.

Mgeni rasmi alikata utepe, akapanda jukwaani, akatupongeza kwa kutokusubiri serikali ifanye kila kitu. Akauliza kama kuna mwananchi mwenye neno. Nikanyanyuka kabla hajamaliza kuuliza. Nikashika kipaza sauti kwa mikono miwili kisije kikanyang'anywa. Nikasema, "Mheshimiwa, wigo huu haujajengwa. Nguzo zake umezikalia. Upande wa pili kuna pengo, anapita mamba mzima na mkewe. Nakuomba ushuke ukaone."

Nilimwona akibadilika uso. Aligeuka kumtazama mwenyekiti, na kwa mara ya kwanza nilimwona mwenyekiti wetu hana tabasamu. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu nisikike. Kisha mwenyekiti akainama kwenye sikio la mgeni, na kipaza sauti cha mezani kikatutangazia wote alichosema: "Mheshimiwa, usiwe na wasiwasi. Huyo mtani wangu."

Mgeni akapumua, kisha akacheka. Kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Akasema na yeye kwao wana watani, na kwamba mama huyu anafaa kupelekwa redioni. Msafara mzima ukacheka, ngoma ikapigwa, nikakuta kipaza sauti kimeshatoka mikononi mwangu. Nilikaa chini nikilia. Jirani yangu alinipa leso akasema, "Umecheka mpaka machozi, mtani."

Jukwaa halikung'olewa. Ilisemekana kuna ziara nyingine inakuja, ya wataalamu, kwa hiyo lisubiri. Wataalamu hawakuja. Mvua nayo haikuja. Na tangi la mwenyekiti lilikaa na ukungu wake mkavu chini, vikongwe wakirudi na madumu matupu.

Kwa hiyo mke wa mwenyekiti akaanza kuja dikoni kama sisi.

Asubuhi ile tulikuwa wanawake wachache. Maji yalikuwa yamepwa vizuri, matamu. Mimi nilikuwa nimeshateka, niko juu kwenye kingo najitwisha. Yeye alikuwa mgeni wa pale, hakujua kwamba sisi tunajibana upande wa njia, mbali na pengo, ingawa huko maji yana tope. Alikwenda kule ambako yalikuwa meupe. Nikamwita, "Wewe! Toka huko! Huko ndiko anakopitia!"

Akanigeukia na ndoo mkononi, uso wake umeshaanza kuvunjika kwa kicheko. "Yuko wapi huyo mchumba wako, mtani, nimsalimie?"

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Maji yaliruka mara moja, kama mtu aliyetupa gunia. Ndoo ikabaki inaelea inazunguka. Wenzangu walipiga kelele, mimi niliteremka mpaka kiunoni nikiwa nimeshika fito, nikipiga maji, nikitukana kila aliyewahi kunicheka. Lile pengo lilikuwa limetulia. Upande wa njia zile nguzo tatu nyeupe zilikuwa zinang'aa kwa jua.

Wanaume walitafuta kwa mitumbwi. Kilichorudishwa na mto kilikuwa kidogo. Walikitia kwenye jeneza la msikiti, lile lile la watu wote, na wanaume waliolibeba walitembea kwa kujikaza, miguu mizito, ili wanawe wasijue jinsi lilivyokuwa jepesi.

Waombolezaji walikuwa wengi na jua lilikuwa kali. Turubai likaletwa kutoka ofisini, na turubai linataka nguzo. Hapo sasa hapakuwa na kikao wala ajenda. Vijana walilibomoa jukwaa kwa muda mfupi sana, boriti zikabebwa mabegani hadi uani kwa mwenyekiti, zikakitwa, turubai likapanda. Zilikuwa zinang'oleka kirahisi namna ile siku zote.

Mtani ana kazi yake msibani. Wafiwa wanalia, mtani anawazuia wasizame. Anavaa nguo za marehemu, anatembea mwendo wake, anasema kwa sauti yake, na wafiwa wanacheka wasitake. Tulipokuwa tumekaa ndani na wanawake, dada wa marehemu alikuja mbele yangu na kanga ya mdogo wake mikononi, na ndoo. Ndoo ile ile. Macho yamemvimba. "Mtani," akaniambia, "watoto hawajala tangu jana. Hebu tuchezee."

Nilitaka kukataa. Lakini mtani akikataa msibani, anakuwa amewasusa. Nikajifunga kanga. Ilikuwa bado na harufu ya moshi wa pilau.

Nilitoka nikaenda moja kwa moja upande wa wanaume, maana mtani hana mpaka. Niliingia chini ya turubai nikatembea mwendo wake, ule wa haraka wa makalio kuachwa nyuma. Nikasikia mguno wa kicheko cha kwanza. Nikafika kwenye nguzo ya mbele nikaibishia hodi. "Hodi, nguzo! Ulikuwa wapi asubuhi ile? Nilikuja dikoni sikukukuta." Wakacheka. Nikaenda ya pili. "Na wewe? Umemwezeka mheshimiwa, sasa unamwezeka marehemu. Kwa wigo utakwenda lini?" Wakacheka zaidi, wengine wamejifunika kofia usoni. Nikazunguka zote, naziuliza, kila moja nikiigonga kwa ndoo. Kisha nikapanda juu ya kiti, nikainamisha kichwa kama mwenyekiti, nikatoa ile sauti ya dua: "Mheshimiwa, usiwe na wasiwasi. Huyo marehemu, mtani wangu tu."

Walianguka. Wazee walianguka kwenye mikeka. Shekhe aligeuza uso pembeni mabega yakimtikisika. Watoto wa marehemu walicheka, nikawaona wakicheka na kamasi zinatoka, mdogo wao akakaa chini vumbini jinsi mama yake alivyokuwa akikaa. Nilikuwa nimesema yote. Sikubakiza neno. Nilisimama juu ya kiti kile nahema, nikimtazama mwenyekiti, nikisubiri neno moja limwingie.

Alikuwa anacheka na kulia pamoja. Alinyanyuka, akanishusha kitini kwa mkono kama mtu anayemshusha bibi harusi, akanishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Alisema kwa sauti ili wote wasikie, "Mtani, Mungu akulipe. Umetufariji." Watu wakaitikia amina.

Sikumchukia. Nilitamani kumng'ata.

Turubai lilibaki juu mpaka arobaini, kwa kuwa watu walikuwa bado wanakuja kutoka Umwe na Ngarambe kutoa pole. Na watu wanaokuja msibani wanakunywa maji, wanakoga, wanatawadha. Kesho yake baada ya matanga nilikwenda dikoni na ndoo yangu, nikakuta wanawake wamesimama juu kwenye kingo, kila mmoja akimngoja mwenzake ateremke kwanza.

Niliweka ndoo chini, nikaokota mti mrefu wa kupigia maji kumtisha mamba, nikateremka. Sikwenda upande wa njia. Nilikwenda kwenye pengo, nikasimama katikati yake, mgongo kwa wanawake, uso kwa mto, maji yananifika mapajani. Nikaanza kuyapiga maji kwa ule mti. Nilikuwa naogopa kweli. Nikawaambia kwa ukali, "Tekeni!"

Kisha mmoja wao akasema, na nilisikia tabasamu kwenye sauti yake, "Jamani, mtani leo kawa nguzo."

Wakacheka. Wakateremka wakicheka, wakateka, na mimi nikaendelea kuyapiga maji. Mpaka leo maji yakipwa huwa wananigongea mlango.